Kompyuta kuu au seva za kawaida: ukiwa Unguja au Pemba, uchague ipi?

Mwezi uliopita niliulizwa maswali mawili ndani ya wiki moja, na nilipoyatazama vizuri nikaona ni swali moja. La kwanza lilitoka Chake Chake, kwa mtoto wa kaka yangu anayemalizia stashahada ya kompyuta: "Ami, nishike Linux kama wenzangu, au niingie kwenye kompyuta kuu za mabenki? Hapa tunaambiwa zile zimeshakufa." La pili lilitoka kwa rafiki yangu wa tangu skuli, mhasibu mkuu wa kampuni inayosafirisha abiria na mizigo baina ya Unguja na Pemba. Alikuwa na karatasi ya bei ya kompyuta kuu mkononi. "Shekhe, nimeambiwa ninunue mashine isiyozima. Ipo?"

Wote wawili niliwajibu kwa simu, kwa haraka, na majibu yale hayakuniridhisha. Nimefundisha na kutunza kompyuta hapa Unguja miaka mingi, na najua uamuzi wa namna hii unavyoweza kuilemea ofisi kwa miaka kumi. Basi nimekaa kuandika yale niliyopaswa kuwaambia.

Msimamo wangu nautoa mapema. Tofauti kubwa baina ya kompyuta kuu na seva za kawaida ni mahali ulipowekwa uangalifu. Kwenye kompyuta kuu, uangalifu umejengwa ndani ya chuma chenyewe na ndani ya mfumo endeshi wake, yaani programu kuu inayosimamia mashine nzima, nawe unaulipia. Kwenye seva, uangalifu unaujenga wewe, kwa programu na kwa watu, na ukisahau kuujenga hakuna wa kukukumbusha mpaka siku ya msiba.

Mashine zenyewe

Tuondoe kwanza mkanganyiko mmoja. Kompyuta kuu, wengine huita meinfremu, si zile kompyuta za kutabiri hali ya hewa. Zile hupimwa kwa wingi wa hesabu zinazopiga kwa sekunde. Kompyuta kuu ni karani wa biashara: pokea ombi, soma rekodi, badilisha salio, andika, jibu, kisha shika jingine, mamilioni kwa mamilioni, bila kupoteza hata moja.

Ukoo wa zile zinazotumika zaidi leo unaanzia tarehe 7 Aprili 1964, siku kampuni ya Kimarekani ya IBM ilipoitangaza familia ya mashine iitwayo System/360. Kabla ya hapo, ofisi ikikua na kununua mashine kubwa zaidi, programu zake ziliandikwa upya, maana kila aina ya mashine ilikuwa na amri zake. Gene Amdahl, Gerrit Blaauw na Fred Brooks waliongoza kazi ya kuleta usanifu mmoja kwa familia nzima, kuanzia mashine ndogo hadi kubwa. Baiti ya biti nane, ambayo leo tunaiona kama jambo la maumbile, ilienea kutokana na mashine hiyo. Anwani za kumbukumbu zilikuwa biti 24, yaani megabaiti 16 na basi. Zikawa biti 31 mwaka 1983, na biti 64 mwaka 2000 ilipotoka mashine ya z900. Katika kupanuka kote huko, programu za wateja hazikutupwa. Iliyotafsiriwa kuwa amri za mashine miaka ya sitini inaweza kuendeshwa leo bila kuguswa. Jambo hili hunigusa kila nikilifikiria, kwa sababu nimeona ofisi ya hapa hapa ikiandika upya mfumo wa mishahara mara tatu tangu nianze kazi.

Zimekufa? Mfumo wa tiketi wa Sabre, ulioanzishwa na American Airlines pamoja na IBM katika miaka ya 1960, ulifungua njia iliyozaa mfumo endeshi wa pekee, ambao leo unaitwa z/TPF na bado unafanya kazi ya tiketi za ndege na kadi za benki. Mgeni anayeshuka uwanja wa Abeid Amani Karume na sanduku lake, huenda jina lake limepita humo kabla hajagusa ardhi yetu. Na mashine mpya zinaendelea kutoka. Ile ya z16, ya mwaka 2022, ina prosesa iitwayo Telum, kori nane (kila kori ni prosesa kamili) katika kila chipu, zikienda kwa gigahezi 5.2, mashine nzima humpa mteja hadi kori 200 na kumbukumbu ya terabaiti 40. Mwaka 2025 ikafuata z17. Anayedhani kompyuta kuu ni chumba kizima kilichojaa makabati naye amechelewa: tangu 2023 ipo z16 inayofungwa ndani ya raki ya kawaida ya inchi 19, pamoja na vifaa vingine.

Upande wa pili sina haja ya kuueleza sana, maana ndio tunaoishi nao. Seva ya kawaida ni mjukuu wa prosesa ya Intel 8086 ya mwaka 1978, iliyopandishwa kuwa ya biti 64 na AMD mwaka 2003, na juu yake mara nyingi kuna mfumo endeshi wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kwa hesabu tupu, shilingi kwa shilingi, seva inashinda, tena kwa mbali. Asiyekiri hilo anakuuzia kitu.

Nahodha habebi magunia

Aliyewahi kusimama kwenye gati la Malindi mzigo wa karafuu unapofika kutoka Pemba ataelewa sehemu hii kuliko msomaji wa mahali pengine popote. Chombo kikishafungwa, nahodha habebi gunia. Karani ana orodha, hamali wamejipanga, gunia linaitwa, linahesabiwa, linakwenda bohari. Nahodha anapelekewa habari moja tu mwishoni: mzigo umeshuka wote, au gunia la kumi na mbili limechanika.

Kompyuta kuu imejengwa hivyo hivyo. Prosesa inayoendesha programu yako haihangaiki na diski. Inaandika orodha fupi ya maagizo, iitwayo programu ya chaneli, kisha inaikabidhi kwa mfumo wa chaneli na kurudi kwenye kazi yake. Huko kuna prosesa nyingine zisizoendesha programu ya mteja hata moja. Kazi yao ni kusimamia safari hizo. Zinatafuta njia iliyo wazi, zinasubiri kifaa, zinajaribu njia ya pili ikiwa ya kwanza imekatika, kisha zinaleta taarifa. Kifaa kimoja kinaweza kufikiwa kwa njia hadi nane. Njia moja ikifa katikati ya kazi, programu haijui kama kuna kilichotokea.

Lazima niwe mwadilifu kwa seva. Leo prosesa ya seva nayo haibebi kila baiti kwa mkono. Kadi za mtandao na diski za kisasa zinaandika zenyewe moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Lakini kupanga foleni, kupokea taarifa kwamba kazi imekwisha, kuchagua njia mbadala na kukagua makosa ni kazi ya keneli, moyo wa mfumo endeshi, na keneli inaishi kwenye kori zile zile zinazoendesha programu yako. Nahodha habebi gunia, sawa, lakini yeye ndiye karani na yeye ndiye msimamizi wa hamali.

Kwa skuli, kwa duka la Darajani, kwa hoteli ya vyumba mia moja kule Nungwi, hilo halidhuru hata kidogo. Linaanza kudhuru pale mamilioni ya watu wanapogusa hifadhidata moja saa ile ile, kama benki kubwa siku ya mishahara. Ndiyo maana kompyuta kuu huweza kukaa juu ya asilimia 90 ya uwezo wake kutwa nzima bila kuyumba, ilhali seva nyingi huachwa na nafasi kubwa tupu ili zisizidiwe foleni inapokuja. Rafiki yangu alinitajia gigahezi na terabaiti zilizomo kwenye karatasi yake ya bei. Nilimwomba idadi nyingine kabisa: ni mara ngapi kwa sekunde moja, saa ya shughuli nyingi kuliko zote, mfumo wenu unasoma au kuandika rekodi? Hakuwa nayo. Hiyo ndiyo ya kwanza kutafutwa.

Siku chuma kinapokosea

Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, kulikuwa na seva yenye diski zilizopangwa ili moja ikifa data isipotee. Ikafa moja, mwezi wa Ramadhani. Taa ya rangi ya chungwa ikawaka ndani ya chumba kilichofungwa, na hakuna aliyeingia. Wiki mbili baadaye ikafa ya pili, na pamoja nayo zikaondoka rekodi za miezi mitano, kwa sababu nakala rudufu ilikuwa ikiandikwa kwenye tepu kila usiku bila mtu yeyote kuwahi kujaribu kuisoma. Nilikuwa mmoja wa walioshika ufunguo wa chumba kile. Tuliziandika upya kutoka kwenye daftari za karatasi, ukurasa baada ya ukurasa, na mpaka leo sipiti mbele ya seva bila kutazama taa zake.

Kompyuta kuu ingefanya nini? Kwanza ingepiga simu yenyewe. Kifaa kikianza kuharibika, mashine huituma taarifa kwa mtengenezaji, na fundi huweza kufika na kipuri kabla ofisi haijajua kama kuna tatizo. Kumbukumbu yake, tangu mashine ya z196 ya mwaka 2010, imepangwa kama zilivyopangwa diski za akiba: moduli nzima inaweza kufa na kazi isisimame. Prosesa inakagua matokeo yake inapofanya kazi. Ikigundua kosa inairudia amri ile ile, na kosa likiendelea, kazi huhamishiwa kwenye kori ya akiba iliyowekwa ndani tangu kiwandani. Katika prosesa ya G5 ya mwaka 1998 walifika mbali zaidi: sehemu za kufasiri na kutekeleza amri ziliwekwa mbili mbili, zikafanya kazi ile ile kwa pamoja, na majibu yakalinganishwa kila hatua.

Seva bora nazo zina kumbukumbu inayosahihisha makosa madogo, vifaa viwili vya umeme, diski za akiba. Lakini zaidi ya hapo falsafa inageuka. Wanaoendesha seva kwa maelfu wameamua kwamba mashine kufa ni jambo la kila siku, kwa hiyo data inawekwa nakala tatu kwenye mashine tatu, na moja ikianguka nyingine zinaendelea. Falsafa hii ni nzuri na imethibitika. Ila inahitaji watu wanaojua kuijenga, na hao ndio wanaosahaulika kwenye karatasi ya bei.

Muuzaji akikuambia mfumo unapatikana kwa asilimia 99.9, hiyo ni karibu saa tisa za kuzima kwa mwaka. Asilimia 99.999 ni dakika tano na kidogo. Muulize saa zile tisa zitaangukia lini. Zikiangukia usiku wa manane, abiria hawajui. Zikiangukia mkesha wa Idi, gati zima linajua.

Mifumo endeshi: hapa ndipo pa kukaa

Vijana wengi wanaodharau kompyuta kuu hawajawahi kuuona mfumo endeshi wake kwa ndani. Mkubwa kati yao ni z/OS, uliotoka mwaka 2001, lakini mizizi yake ni MVS ya mwaka 1974. Kila mtumiaji na kila kazi hupewa nafasi yake ya anwani, kama nyumba yenye ua wake. Linux nayo hufanya hivyo. Ila kompyuta kuu inaongeza kufuli ya pili katika chuma: kila kipande cha kumbukumbu cha kilobaiti nne kina namba ya ufunguo, kuanzia 0 hadi 15, na programu nayo ina ufunguo wake. Funguo zisipolingana, prosesa inakataa kuandika, hata kama anwani ni sahihi. Ufunguo 0 ni wa mfumo wenyewe. Programu za kawaida huwa na ufunguo 8. Mwaka 1973 IBM ilitoa ahadi ya maandishi kwamba programu isiyo na ruhusa ikipata upenyo wa kuruka kinga hizi, huo utahesabiwa ni ubovu wao na watautengeneza. Mwaka 1976 ikaja RACF, inayoamua nani aguse nini, kwa jina, kwa kila seti ya data, ndivyo faili zinavyoitwa huko.

Kuhusu faili, mitazamo inapishana kabisa. Kwenye Linux faili ni mfululizo wa baiti. Maana yake anaijua programu. Kwenye z/OS unatangaza mapema: rekodi zina urefu huu, zimefungwa kwa mafungu haya, zitachukua nafasi kiasi hiki cha diski. Anayetoka Linux huona usumbufu. Mhasibu huona daftari lililopigwa mistari.

Na kazi za usiku, zile za bechi zinazokusanywa na kuendeshwa kwa mkupuo, huandikiwa hati ya maagizo iitwayo JCL:

//MALIPO   JOB (HESABU),'MISHAHARA',CLASS=A,MSGCLASS=X
//HATUA1   EXEC PGM=LIPA
//WATU     DD DSN=FEDHA.WATU.MWEZI06,DISP=SHR
//RIPOTI   DD SYSOUT=*

Tazama mstari wa tatu. Programu LIPA haijui jina la seti ya data. Inajua neno WATU tu. Mwezi ujao unabadilisha hati, programu huigusi. Wazo hili lilikuwapo miaka ya sitini, na bado ninaona programu mpya hapa mjini zenye jina la faili lililogandishwa ndani yake.

Kinachonivutia zaidi ni mgawaji wa kazi. Katika Linux unaweza kuipa programu kipaumbele na kuiwekea mipaka ya kumbukumbu na prosesa. Katika z/OS unaeleza lengo: asilimia 90 ya miamala ya kaunta imalizike ndani ya nusu sekunde, ripoti za bechi zisubiri. Mfumo unapima wenyewe, unaona nani anachelewa kufikia lengo lake, unanyang'anya huku na kuongeza kule. Miamala yenyewe husimamiwa na CICS, iliyopo tangu 1969, na kanuni yake ni ile ambayo kila anayetuma pesa kwa simu anaitegemea: ama pesa zimetoka huku na kuingia kule, ama hakuna kilichotokea.

Jambo moja la mwisho katika sehemu hii, kwa wanaoshika fedha. Tangu System/360, prosesa hizi zinajua kujumlisha desimali moja kwa moja, tarakimu kwa tarakimu, kama kwenye daftari. Seva za kawaida hupendelea namba za msingi wa mbili, na humo moja ya kumi haina maandishi kamili, kama vile theluthi isivyo na mwisho katika desimali. Mwanafunzi akihifadhi fedha kwa namba za aina hiyo, senti zitaanza kupotea. Dawa ipo: hifadhidata kama PostgreSQL zina aina ya namba kamili za desimali, zinazokokotolewa kwa programu. Ni polepole zaidi, lakini ni sahihi. Itumie.

Kuhusu herufi, kompyuta kuu bado zina EBCDIC, mpango wao wa kuipa kila herufi namba yake, ambamo herufi A ni C1 wakati kwingine ni 41, na tarakimu hupangwa baada ya herufi badala ya kabla. Kuhamisha data baina ya pande mbili bila kukumbuka hilo kumeshaliza wengi.

Njia ya kati

Kompyuta kuu moja hugawanywa kuwa mashine nyingi zisizojuana, na mgawanyo huo, ulioingia mwaka 1988, uko chini kabisa, karibu na chuma. Juu yake unaweza kuweka z/VM, ambayo asili yake VM/370 ya mwaka 1972 ilikuwa ikimpa kila mtumiaji kompyuta yake ya kufikirika miaka mingi kabla neno hilo halijawa la kawaida kwenye seva. Na tangu 2015 IBM inauza LinuxONE, kompyuta kuu isiyoendesha chochote ila Linux. Mashirika yenye mamia ya seva na leseni za hifadhidata zinazolipiwa kwa kila kori huihesabu kwa makini, maana kori chache zikifanya kazi ya nyingi, leseni hupungua. Kwa ofisi zetu nyingi bado ni kubwa mno.

Wingu, yaani kukodi kompyuta kwa njia ya intaneti, ni seva za mwenzako. Linafaa sana kwa kuanzia na kwa nakala rudufu. Mimi sitaki tu nione gati linashindwa kukata tiketi ya Mkoani kwa sababu njia ya intaneti ya kuvuka bahari imekatika.

Umeme, chumvi na bahari

Hapa ndipo karatasi ya bei ya rafiki yangu ilipoacha ukurasa mtupu. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa kebo iliyopita chini ya bahari hadi Fumba. Ya kwanza iliwekwa mwaka 1980. Mei 2008 tuliingia gizani tukakaa karibu mwezi mzima. Disemba 2009 giza likarudi, halikuondoka mpaka Machi 2010. Kebo ya pili ya megawati 100 ikaja mwaka 2013, na Pemba, iliyokuwa ikitegemea jenereta, iliunganishwa kutoka Tanga mwaka 2010. Hali ni bora sana kuliko ile. Lakini anayekumbuka miezi ile mitatu ya ndoo za maji na moshi wa jenereta Mji Mkongwe hawezi kudanganywa na mashine "isiyozima". Kori za akiba, kumbukumbu za akiba, njia nane za diski: vyote vinalala pamoja ikiwa dizeli imekwisha.

Chumvi nayo inakula. Hewa yetu inaleta kutu kwenye viunganishi na feni, iwe ni seva ya bei rahisi au mashine ya mabilioni. Chumba kilichozibwa, kiyoyozi cha akiba na kipimo cha unyevu vinaokoa kuliko prosesa yenye kasi.

Kwa hiyo kwa kisiwa, swali la mahali pa pili linatangulia swali la mashine gani. Kompyuta kuu zina utaratibu uliokomaa kwa hili: tangu 1994 zinaweza kuunganishwa hadi mifumo 32 ikashirikiana data moja, na diski za kituo kimoja zikaandikwa papo hapo kwenye kituo kingine. Kuna gharama ya umbali. Mwanga ndani ya uzi wa kioo unaobeba data huchukua takriban mikrosekunde tano kwa kilomita. Mjini Unguja hadi Chake Chake ni kilomita 120 hivi kwa mstari ulionyooka, yaani zaidi kidogo ya milisekunde moja kwenda na kurudi, hata kama njia isingepinda. Ukitaka kila muamala usubiri jibu la Pemba kabla haujakamilika, utalipa muda huo kila mara. Kwa tiketi, unavumilika kabisa. Na seva mbili zenye PostgreSQL zinaweza kufanya hivyo hivyo, zikisubiriana au bila kusubiriana, kwa gharama ndogo sana.

Pesa, kwa ufupi

Seva unainunua, Linux huilipii leseni, msaada unaulipia ukitaka. Kompyuta kuu ina gharama ya mashine, ya matengenezo, na juu yake programu zinazotozwa kwa mwezi. Utaratibu uliozoeleka kwa miaka mingi ni kutoza kwa wastani wa saa nne zilizokuwa na kazi nyingi kuliko zote katika mwezi huo. Yaani mkesha mmoja wa Idi unaweza kupanga bili ya mwezi mzima. Na mtu wa kuiendesha, kwa hapa visiwani, hutampata kwa tangazo la wiki moja.

Niliyowaambia

Rafiki yangu nimemwambia asinunue. Hesabu yake ya miamala, tulipoipata, inabebwa na seva moja ya wastani bila jasho. Achukue mbili za aina moja, zikae vyumba viwili tofauti, zinakiliane papo hapo. Ya tatu ikae ofisi yake ya Pemba, ikipokea nakala bila kusubiriwa. Fedha iliyobaki aigawe mara mbili: nusu kwa betri, jenereta na kiyoyozi, nusu kwa mshahara wa mtu mmoja anayejua kazi. Na kila mwezi, Jumapili ya kwanza, warudishe nakala rudufu kwenye mashine tupu na kukata tiketi moja ya majaribio. Tiketi isipokatika, nakala hiyo haipo. Angekuwa ananunulia benki yenye mamilioni ya akaunti, au ana programu za miaka thelathini zilizoandikwa kwa COBOL, lugha kongwe ya programu za biashara, zinazofanya kazi vizuri, ningemwambia kinyume, na ningemsihi asithubutu kuzihamisha kwa sababu tu zimeitwa za zamani.

Mtoto wa kaka yangu nimempa jibu jingine. Linux kwanza, mwanangu, maana ndiyo itakayokulisha hapa hapa. Lakini usiishie hapo. Waliojenga mifumo ya mabenki makubwa wanazeeka na kustaafu, na programu zao hazistaafu. Kuna Hercules, programu ya bure iliyoanzishwa na Roger Bowler mwaka 1999, inayoigeuza hata kompyuta yako ndogo kuwa System/370, mrithi wa System/360, na juu yake unaweza kuendesha MVS 3.8, ya zamani lakini iliyo huru kwa umma. Mifupa yake ndiyo mifupa ya z/OS. Ukitaka z/OS yenyewe, IBM ina jukwaa la mafunzo la bure liitwalo Z Xplore. Unaingia kwa intaneti na unafanya kazi kwenye mashine halisi. Miezi mitatu, saa moja kila usiku baada ya Isha, inatosha kukuonyesha kama damu yako inakubali.

Jumamosi hii anavuka na boti ya asubuhi, na kompyuta yake begani. Nimemwambia aandike hati ile ya mishahara mwenyewe, aiingize, kisha asome majibu mstari kwa mstari. Akiona STEP WAS EXECUTED - COND CODE 0000, atapata chai yake. Akiona msimbo wa kosa S0C7, ameweka herufi mahali pa tarakimu ndani ya hesabu ya desimali, na tutakaa kibarazani na karatasi za dampo, yaani yote yaliyokuwamo kwenye kumbukumbu programu ilipoanguka, mpaka tuipate rekodi yenyewe.